Nasoma ukurasa mmoja mara tatu, kisha nasinzia

«Shikamoo dokta. Mimi ni baba wa watoto watatu, umri miaka 46, karani wa chama cha msingi cha korosho huku Tandahimba. Nilipokuwa sekondari nilikuwa mgonjwa wa riwaya. Riwaya moja nilikuwa naimaliza kwa siku mbili, usiku kwa kibatari, asubuhi naamka na masizi puani. Nilipoanza kazi na kuoa nikaacha, wala sikuamua kuacha, iliondoka tu. Msimu uliopita ulinielemea. Malipo yalichelewa, watu wakawa wananifuata mpaka nyumbani, na usingizi ukapungua. Dada yangu wa Dar es Salaam akaniletea vitabu vitatu, viwili vya mafanikio na kimoja riwaya, akasema soma utatulia. Kwenye kundi letu la WhatsApp pia waliweka kwamba dakika sita za kusoma kitabu zinapunguza msongo wa mawazo kwa asilimia 68. Nimejaribu, na saa nikaweka. Nimeanza na cha mafanikio kwa sababu nakiona kina faida zaidi. Saa tatu usiku nakaa sebuleni na kitabu na kalamu, nasoma ukurasa mmoja mara tatu sijui nilichosoma, kichwa kinauma hapa mbele, kisha nasinzia. Jumapili nikisoma nje mchana huwa afadhali kidogo. Mke wangu anasema naharibu macho. Mama yangu ninayeishi naye anasema kusoma sana ndiko kulikomfanya mjomba wake arukwe na akili. Naomba kujua, kusoma kuna faida kweli au ni maneno ya watu? Na je, akili yangu imeshazeeka? Kitabu cha kwanza ninacho mwezi wa nne sasa, nipo ukurasa wa 38.»

Marahaba, ndugu yangu. Nianze kwa kuvua joho lisilo langu: mimi si dokta wa sindano. Ni mwanasaikolojia, kazi yangu ni kukaa na watu hapa Mtwara na kusikiliza kinachowanyima raha. Nalisema hili mapema kwa sababu nusu ya jibu lako haipo kwenye fani yangu. Ipo machoni mwako.

Swali lako nililisoma mara mbili. Mara ya kwanza niliona mtu aliyechoshwa na msimu, anayeogopa kwamba kitu alichokuwa nacho ujanani kimempotea. Mara ya pili nikakwama kwenye sentensi uliyoipitisha haraka kama haina maana, ile ya kwamba Jumapili ukisoma nje mchana huwa afadhali. Akili iliyozeeka haipati nafuu kwa sababu ya jua. Macho ndiyo yanayopata nafuu kwa jua.

Nyuma ya mboni ya jicho kuna lenzi. Utotoni lenzi hiyo ni laini, na misuli midogo inayoizunguka ikikaza, lenzi inatuna na unaona cha karibu. Mtoto wa miaka 10 anaweza kusoma herufi zilizo sentimita saba au nane tu kutoka jichoni pake. Kila mwaka unaopita lenzi inakakamaa kidogo, bila maumivu wala taarifa. Ukivuka miaka 40, misuli inakaza kama zamani lakini lenzi haitii tena. Ndiyo maana watu wa rika letu utawaona wanalisogeza gazeti mbele, mbele zaidi, mpaka mkono unaisha.

Mwanga mkali wa mchana huifanya mboni isinyae ikawa tundu dogo, na tundu dogo linaisaidia taswira itulie hata kama lenzi haifanyi kazi yake sawasawa. Usiku, chini ya balbu moja ya sebuleni, mboni inatanuka na msaada huo unaondoka. Misuli inahangaika, na nusu saa baadaye kipaji cha uso kinagonga. Mtu anayetumia nguvu zote kuzitambua herufi habakiwi na nguvu ya kufuata kinachosemwa. Unadhani umesahau kusoma, kumbe macho yako yamebeba gunia.

Jipime leo. Chukua stakabadhi yoyote yenye maandishi madogo, ishike pale unaposhika kitabu, kisha isogeze mbali taratibu. Jaribu pia kuingiza uzi kwenye sindano jioni, au kaa na mkeo mchambue mchele. Kama herufi zinatulia ukizipeleka mbali, na kama mawe ya kwenye mchele anayaona yeye peke yake, basi una umri, huna ugonjwa. Dawa yake ni miwani ya kusomea.

Najua utasema miwani hiyo inauzwa hata sokoni, mtu anajaribu moja baada ya nyingine mpaka apate inayomfaa. Siwezi kukuambia ni sumu. Namba zake huanza 1.00 na kupanda kwa robo au nusu, na watu wengi wa umri wako huangukia kati ya 1.00 na 2.00. Ukivaa isiyo yako kichwa kitauma, lakini jicho haliharibiki. Hata hivyo kwa mara ya kwanza nakuomba ukapimwe na mtu wa macho hospitalini, kwa sababu mbili. Kuna presha ya macho, ugonjwa unaokula uoni kutoka pembeni kimyakimya, na mtu hugundua kipande kikubwa kikiwa kimeshakwenda. Halafu kuna sukari. Ikipanda na kushuka, lenzi nayo inavuta maji na kuyaachia, na uoni unabadilika wiki hadi wiki. Mtu wa miaka 46 anayesinzia kila akikaa na kuumwa kichwa apimwe sukari, shinikizo la damu na wingi wa damu kabla hajaambiwa ana mawazo. Nimeshawahi kukaa na mtu vikao vitatu tukichambua huzuni yake, kumbe alikuwa amepungukiwa damu. Tangu hapo huwa nauliza vipimo kwanza.

Na salfa, ile dawa ya unga ya mikorosho, kabla hujaniuliza, maana huku kwetu kila kinachotokea machoni kinatupiwa salfa. Vumbi lake linawasha, linaleta wekundu na machozi, na ni vizuri kujikinga wakati wa kupuliza. Lakini halimfanyi mtu asome vizuri mchana na vibaya usiku.

Mwaka 2018 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanywa Assam, India, kwa wachuma chai wenye umri wa miaka 40 na zaidi waliokuwa na tatizo hili hili. Waliopewa miwani ya karibu, kiasi wanachochuma kwa siku kilipanda kuwazidi wenzao kwa zaidi ya asilimia 20. Miwani tu, hakuna kingine. Nilipousoma niliwafikiria akina mama wa huku wanaobangua korosho, na wangapi kati yao wanaambiwa wamekuwa wavivu.

Sasa mkeo. Ana huruma, lakini hajapatia. Mtu mzima kusoma kwenye mwanga hafifu kunachosha macho, hakuyaharibu. Unapokaza macho unapepesa kope mara chache, jicho linakauka na kuchoma, ukilala asubuhi limerudi. Kwa watoto hali ni tofauti kidogo. Wale wanaoshinda ndani wameinamia vitu vya karibu bila kucheza nje huwa kwenye hatari kubwa zaidi ya kutoona mbali, kwa hiyo wanao waachie wakimbie. Kibatari chako cha ujanani ubaya wake ulikuwa moshi, kwa mapafu. Mwanga wake haukukunyang'anya chochote.

Mama ni suala la heshima zaidi, kwa sababu hasemi uvumi. Anasimulia mtu aliyemjua. Nimelisikia simulizi hili katika familia nyingi, Wamakonde, Wayao, Wamwera: kijana alikuwa hodari wa vitabu, akasoma sana, kichwa kikajaa, akaharibikiwa. Waliona kitu cha kweli, ila walikipanga vibaya. Magonjwa makali ya akili, kama skizofrenia, mara nyingi huanza mtu akiwa mwishoni mwa ujana, kati ya miaka kumi na minane hivi na ishirini na kitu. Huo ndio umri ambao kijana aliyebahatika anakuwa kidato cha tano, au chuoni. Ugonjwa unamkuta na kitabu mkononi, kama ambavyo mwingine unamkuta na jembe, lakini jembe halilaumiwi. Zaidi ya hapo, ugonjwa unapoanza, wengine hujitenga, hukesha, huandika kurasa na kurasa. Jamaa wanaona vitabu kwanza na kuchanganyikiwa baadaye, wanahesabu cha kwanza kuwa ndicho kilichosababisha. Mwambie mama hivyo kwa upole, na usicheke, maana yule alikuwa mjomba wake.

Tuje kwenye ile asilimia 68, ambayo mimi pia nimetumiwa, mara nyingine ikiwa na picha ya maua. Ilitoka Uingereza mwaka 2009. Mtafiti aitwaye David Lewis, aliyekuwa na maabara pale Chuo Kikuu cha Sussex, aliwachukua watu wachache, akawatia katika hali ya msongo, kisha akapima mapigo ya moyo na kukaza kwa misuli baada ya kusoma, kusikiliza muziki, kunywa chai na kutembea. Kusoma kukashinda. Tatizo ni kwamba kazi hiyo iliagizwa na kampuni ya chokoleti, watu walikuwa wachache mno, na haikupita kwenye jarida la kisayansi ambako wenzake wangeichambua. Haina maana kwamba ni uongo. Maana yake ni kwamba haikupaswa kusafiri kutoka Sussex mpaka Tandahimba bila kupungua uzito njiani. Wewe ukaweka saa, dakika sita zikaisha, hukusikia kitu, ukajiona una kasoro. Kasoro ilikuwa kwenye ahadi.

Utafiti ninaouheshimu zaidi ni wa watu wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, uliotoka mwaka 2016. Walichukua taarifa za watu 3,635 waliozidi miaka 50, waliokuwa wakifuatiliwa kwa miaka 12. Waliokuwa wakisoma vitabu walikuwa na uwezekano mdogo wa kufa katika kipindi hicho kwa asilimia 20 wakilinganishwa na wasiosoma vitabu, hata baada ya kuzingatia elimu, kipato na afya. Magazeti na majarida hayakuonyesha nguvu kama hiyo. Hiyo ni habari njema, lakini iwekee breki. Anayesoma vitabu uzeeni pengine ana utulivu, ana muda, ana mwanga mzuri na macho yanayoona, na hakuna hesabu inayoweza kuyatoa yote hayo. Kuna nyingine pia, ya mwaka 2013, iliyodai kwamba kusoma riwaya za kifasihi hata kwa muda mfupi kunakufanya uelewe zaidi hisia za wengine. Wengine walipoirudia hawakupata kitu kile kile. Kwa hiyo ukiniuliza kama faida ipo, nitasema ipo, ni ya wastani, inakuja polepole, na haimjii mtu anayeihesabu kwa saa ya mkononi.

Inakujaje basi? Hapa ndipo uwanjani kwangu. Wasiwasi ukiusikiliza vizuri ni maneno. Saa nane usiku hujalala, na kinachokuamsha ni sauti yako mwenyewe ikihojiana na, tuseme, mzee anayedai malipo uliyemwambia aje Ijumaa. Unamjibu, anakujibu, unapata jibu zuri zaidi, unarudia kuanzia mwanzo. Sauti hiyo ya ndani tunayo moja tu. Na kusoma kunaitumia sauti hiyo hiyo. Mzee wa Ijumaa na mhusika wa riwaya hawawezi kuongea kwa pamoja, lazima mmoja asubiri. Ndiyo maana kumwambia mtu mwenye mawazo «usiwaze» hakumsaidii, kwa vile kunaiacha sauti imekaa bure, nayo itarudi kwenye kazi inayoijua. Televisheni haina uwezo huo. Unaweza kuangalia mpira dakika tisini na dakika zote hizo unapiga hesabu za madeni.

Lakini sauti hiyo haikubali kazi isiyoipenda. Na hapa, ndugu yangu, naona kosa ambalo si la macho.

Angalia Kiswahili chetu. Kusoma darasani ni kusoma, na kusoma hadithi kitandani ni kusoma. Mtu mwenye shahada tunasema amesoma. Ukikaa barazani na kitabu, jirani akipita hatakuuliza kinahusu nini. Atakuuliza, «Unasomea nini siku hizi?» Kwetu kitabu kina harufu ya chaki, lazima kuwe na mtihani mbele yake na cheti nyuma yake. Wewe mwenyewe umeshajiuliza swali la jirani. Una vitabu vitatu, kimoja ni riwaya, kitu ulichokuwa unakikosea usingizi, nawe ukachukua cha mafanikio kwa kuwa kina faida, ukakaa na kalamu, ukaweka saa. Hapo ulikuwa unapiga msuli. Baada ya siku nzima ya mizani na makaratasi, akili yako imekataa kwenda shule ya usiku, na mimi naiunga mkono.

Kwa hiyo kifunge kitabu cha ukurasa wa 38. Dada hataumia. Sina ugomvi na vitabu vya mafanikio, vingine vina mambo ya maana, ila kwa mtu ambaye hajalipwa na analaumiwa kwa sababu wengine hawajalipwa, kila ukurasa unaomwambia kwamba umaskini ni uchaguzi ni kofi. Chukua riwaya. Ikikuchosha kurasa thelathini za kwanza, iache nayo. Ukiwa kidato cha pili hukumaliza kitabu kwa nidhamu, ulimaliza kwa sababu ulitaka kujua muuaji ni nani. Rudi pale pale, hata kama riwaya ulizokuwa unazipenda zilikuwa za bastola na walimu wakazidharau. Wapo watakaokuambia uanze na fasihi nzito ndiyo yenye faida. Mpaka leo sijaona ushahidi wa kunifanya nimnyang'anye mtu riwaya ya upelelezi.

Kurudia ukurasa mara tatu nako kusikutishe. Macho yanajua kutembea juu ya mistari yenyewe, akili ikiwa imetoroka. Inatokea hata kwa maprofesa. Ukigundua umetoroka, usirudi mwanzo wa ukurasa, hiyo ni adhabu ya shuleni. Endelea mbele. Hadithi nzuri itakukumbusha ulichokipita, na kama haikukumbushi, hakikuwa muhimu.

Saa tatu usiku ni saa mbaya kwako, angalau mpaka upate miwani. Jaribu saa kumi na moja jioni, kibarazani, kabla jua halijazama, dakika kumi na tano hata kumi. Msimu ukianza tena, kuanzia Oktoba hivi, hutapata hata hizo, na usijilaumu. Mkulima hajilaumu kwa kutopalilia wakati wa mavuno. Kusinzia kitandani na riwaya kifuani wala si kushindwa. Kwa mtu aliyepoteza usingizi, kitabu kinachomlaza kimefanya kazi yake.

Utaniuliza kuhusu simu, maana siku hizi hadithi zipo kwenye simu na kitabu cha karatasi ni bei. Simu ni bora kuliko kutosoma, na ina jambo moja zuri kwa macho yako, unaweza kukuza herufi. Ubaya wake wa kwanza ni mwanga. Mwaka 2014 watafiti wa Marekani waliwapima watu 12 waliosoma kwenye kifaa kinachong'aa kwa saa nne kabla ya kulala. Walichelewa kushikwa na usingizi kuliko walipokuwa wanasoma karatasi, na homoni ya usingizi ilishuka. Saa nne ni nyingi na watu 12 ni wachache, kwa hiyo hilo halinitishi sana. Kinachonitisha ni kwamba ndani ya simu yako yumo yule mzee wa Ijumaa. Unasoma aya mbili, ujumbe unaingia, umekwisha. Kama huna njia nyingine, zima data kwanza.

Ukija Mtwara mjini pita Maktaba ya Mkoa, iliyo chini ya Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania, uulize utaratibu wa kuazima kwa mtu anayekaa mbali. Usitegemee riwaya mpya za mwaka huu. Tegemea vitabu vya zamani vilivyoshikwa na mikono mingi, ambavyo kwa mtu wa enzi ya kibatari ni sawa na kukutana na wanafunzi wenzake.

Na vitabu vya kusikiliza? Kwa faida ya kuituliza sauti ya ndani vinafaa, mradi umekaa au unafanya kazi isiyohitaji kufikiri. Ila mimi nina upendeleo wa njia ya zamani zaidi, mtu mmoja kuwasomea wengine kwa sauti. Huku pwani, Kilwa, Lindi, Mikindani, maandishi yalikuwa ya sauti muda mrefu kabla hayajawa ya kimya. Tenzi ziliandikwa kwa herufi za Kiarabu lakini zilikuwa za kughaniwa, na watu wakikaa kuzisikiliza. Ukisoma kwa sauti akili haipati nafasi ya kutoroka, ulimi unaishika mkono. Pumzi inafuata mistari, inarefuka, na mwili unatulia nayo. Na unakumbuka zaidi ulichosoma. Mwanao akikaa pembeni akasikiliza, umeua ndege wawili, maana sijaona mtoto aliyependa vitabu kwa kuambiwa avipende.

Sasa sehemu ambayo sitaki uipite haraka. Kitabu hakilipi wakulima. Kama kinachokukosesha usingizi ni watu kuja nyumbani usiku kudai, hilo linahitaji mwenyekiti na mkutano wa wanachama, na siku maalumu ya kujibu maswali pale ofisini. Liseme huko. Karani mmoja hawezi kuwa ukuta wa chama kizima.

Halafu kuna sonona, ugonjwa wa huzuni nzito isiyoondoka. Kushindwa kusoma kunaweza kuwa dalili yake, kwa sababu sonona huondoa uwezo wa kukaza fikra na huondoa ladha ya vitu. Jiulize kwa ukweli: ni vitabu tu vimepoteza ladha, au hata chakula, mpira, maongezi ya kijiweni, na mkeo? Je, kwa wiki mbili au zaidi, karibu kila siku, umekuwa mzito, umekata tamaa, unaamka saa tisa usiku na huwezi kurudi kulala, unajiona huna thamani? Uraka au bia imeongezeka kuliko ilivyokuwa? Kama majibu mengi ni ndiyo, usingoje umalize riwaya. Nenda kituo cha afya au hospitali ya wilaya, mweleze mhudumu kama ulivyonieleza mimi. Akiona inafaa atakupa rufaa kuja Hospitali ya Ligula hapa Mtwara, au Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini kule Mitengo. Sonona ina tiba, ya maongezi na ya dawa. Uingereza tangu mwaka 2013 wana mpango ambapo mtu mwenye sonona au wasiwasi anaweza kuelekezwa vitabu maalumu vya kujisaidia kwenye maktaba, lakini hata kule vitabu hivyo vinakaa pamoja na tiba, havichukui nafasi yake. Na kama umewahi kufikiria kwamba ingekuwa heri usingekuwepo, mwambie mkeo leo, na mwende hospitali leo.

Kwa macho pia kuna mambo yasiyosubiri. Uoni ukipotea ghafla hata kwa jicho moja, jicho likiwa jekundu na kuuma sana, ukiona miale kama radi au duara za rangi kuizunguka taa, nenda siku hiyo hiyo. Hayo si ya miwani ya sokoni.

Nimebakiza mama. Mwaka 1973, wakati wa kampeni ya Mtu ni Afya, karibu watu milioni mbili nchi nzima walikaa kwenye vikundi, redio katikati, kijitabu mkononi, anayejua kusoma akiwasomea wenzake, kisha wakainuka kwenda kuchimba vyoo. Kwa umri wako, mama alikuwa msichana au mama kijana miaka hiyo. Mwulize kama alikaa kwenye kundi, na nani aliyekuwa anawasomea. Halafu jioni moja msomee hiyo riwaya, sura moja tu, uishie pabaya, pale mtu anapogonga mlango. Kesho yake usimkumbushe. Ngoja uone nani atamwita mwenzake kibarazani.

Ukishapimwa macho niandikie wamekupa namba ngapi. Mimi nilianza na 1.25, nikajiona mzee wiki nzima.